Krismasi ya Julai: Jina Moja, Sherehe Nyingi

Kila mwaka, ifikapo Juni na Julai, habari za watu wanaosherehekea Krismasi husikika kutoka pande mbalimbali za dunia. Hoteli za milimani nchini Australia hupamba miti na kukoka moto wa kuni sebuleni, watafiti walioko Antaktika hubadilishana zawadi, watoto walioko kambini Marekani huimba nyimbo za Noeli katikati ya joto, na maduka ya mtandaoni hutangaza punguzo la bei kwa jina hilohilo. Anayezisikia habari hizi kwa mara ya kwanza hudhani ama kwamba kuna madhehebu yenye kalenda yake, ama kwamba nchi fulani zimeamua kuihamisha sikukuu. Dhana zote mbili si sahihi. Hakuna hata moja kati ya makanisa makuu ya Kikristo linaloadhimisha kuzaliwa kwa Yesu katikati ya mwaka, na sherehe hizo zenyewe hazina chanzo kimoja. Zinashirikiana jina na majira tu, na mtu akizichanganya hataielewa hata moja.

Tuanze na kalenda, kwa kuwa ndiyo inayoshukiwa kwanza. Makanisa ya Kiorthodoksi yanayofuata kalenda ya Juliasi, kama la Urusi na la Serbia, huadhimisha Krismasi siku ambayo kwa kalenda ya kawaida ni 7 Januari, na Kanisa la Kitume la Armenia huadhimisha 6 Januari. Pengo kati ya kalenda ya Juliasi na ile ya Gregori, yaani hii ya kawaida, kwa sasa ni siku 13, nalo huongezeka kwa siku 3 katika kila miaka 400. Kwa mwendo huo, Krismasi ya kalenda ya Juliasi itahitaji zaidi ya miaka 20,000 ili ifike katikati ya mwaka. Kalenda, basi, haina hatia katika jambo hili.

Hata hivyo, wazo la kuiweka Krismasi mbali na Desemba si geni kama linavyoonekana. Injili hazitaji siku wala mwezi aliozaliwa Yesu, na Wakristo wa karne za kwanza hawakulihangaikia sana suala hilo. Klementi wa Aleksandria, mwanateolojia aliyeandika mnamo mwaka 200, anasimulia kwamba walikuwepo waliojaribu kukokotoa siku hiyo, na kwamba baadhi yao waliiweka tarehe 25 ya mwezi wa Kimisri uitwao Pachon, yaani 20 Mei kwa hesabu yetu. Wengine, anasema, waliiweka mwezi Aprili. Maandishi mengine ya mwaka 243, yaliyohusu hesabu ya Pasaka, yalichagua 28 Machi. Tarehe ya 25 Desemba inaonekana waziwazi katika kumbukumbu za kalenda ya Roma zilizokusanywa mwaka 354, na ni baada ya hapo ndipo ilipoenea katika makanisa mengi. Wanahistoria bado wanajadili kwa nini tarehe hiyo ndiyo iliyoshinda. Wapo wanaoihusisha na sikukuu ya Kirumi ya Jua Lisiloshindwa, na wapo wanaosema Wakristo waliamini mimba ya Yesu ilitungwa 25 Machi, wakahesabu miezi tisa mbele. Maelezo yote mawili yanakutana mahali pamoja, kwa sababu katika desturi ya Kirumi 25 Desemba ilihesabiwa kuwa siku ya mgeuko wa jua, ambapo usiku umefikia urefu wake wa mwisho na mchana huanza kurefuka.

Hapo ndipo ilipojificha sikukuu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo pekee inayostahili kuitwa Krismasi ya katikati ya mwaka kwa maana ya kikanisa, ingawa haiitwi hivyo. Katika Injili ya Luka, malaika anamwambia Mariamu kuhusu Elisabeti kwamba "mwezi huu ni wa sita kwake yeye aliyeitwa tasa." Kwa hesabu hiyo, Yohana Mbatizaji alimtangulia Yesu kwa miezi sita, na Kanisa likaweka kuzaliwa kwake tarehe 24 Juni. Msomaji makini atauliza kwa nini isiwe 25 Juni. Warumi walihesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kwanza ya mwezi unaofuata: 25 Desemba ni siku ya nane kabla ya mwanzo wa Januari, na kwa kuwa Juni ina siku 30 badala ya 31, siku ya nane kabla ya mwanzo wa Julai huangukia tarehe 24. Sikukuu hizi mbili zikawa kama ncha mbili za mzani wa jua. Katika mahubiri yake, askofu Agostino wa Hippo aliziunganisha na maneno ya Yohana mwenyewe, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua," akionyesha kwamba mchana hupungua kuanzia siku ya Yohana na huongezeka kuanzia siku ya Kristo.

Maelezo hayo ni mazuri, lakini yana kasoro moja ambayo Agostino, mkazi wa Afrika ya Kaskazini, hakuwa na sababu ya kuiona: yanafaa nusu moja tu ya dunia. Mhimili wa dunia umeinama kwa takriban nyuzi 23.5, hivyo nusu inayoelekea jua hupata siku ndefu na joto, na nusu ya pili hupata siku fupi na baridi. Umbali wetu na jua hauhusiki, maana dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati ule ule Ulaya inapotetemeka. Kwa mkazi wa Sydney au Wellington, Krismasi huja siku chache baada ya siku ndefu kuliko zote za mwaka, na mchana wake, badala ya kuzidi, huanza kupungua. Mfano mzima wa nuru inayozaliwa gizani hugeuka juu chini.

Kama ishara hiyo ya jua ingekuwa peke yake, huenda asingejali mtu yeyote zaidi ya wanateolojia. Kilichozidisha tatizo ni kwamba Krismasi ilisafiri kwenda kusini ikiwa imevaa mavazi ya baridi, na mengi ya mavazi hayo yalikuwa yameshonwa muda mfupi tu kabla ya safari. Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kibiashara ilichapishwa London mwaka 1843. Mti wa Krismasi, desturi ya Kijerumani, ulipata umaarufu kwa Waingereza wa kawaida baada ya gazeti la Illustrated London News kuchapisha, mwaka 1848, picha ya Malkia Victoria na Mwanamfalme Albert wakiuzunguka pamoja na watoto wao. Miaka michache baadaye, dhahabu ilipogunduliwa Australia mwaka 1851, wahamiaji walimiminika huko kutoka Visiwa vya Uingereza wakiwa na picha hiyo mpya kichwani: theluji, moto sebuleni, nyama ya kuoka, na pudini nzito ya matunda. Walifika wakakuta jua la utosi, na wengi wao waliendelea kuoka na kuchemsha vilevile, katika majiko ambayo Desemba hayakaliki kwa joto.

Vizazi vilivyofuata vilijifunza kuwa na Krismasi ya ufukweni, yenye samaki na nyama za kuchoma nje, na leo Waaustralia wengi hawaoni upungufu wowote ndani yake. Lakini picha ya theluji haikuondoka kwenye kadi, kwenye nyimbo wala kwenye madirisha ya maduka, na hamu ya kuionja ilibaki. Katika Milima ya Blue Mountains, magharibi ya Sydney, mji wa Katoomba uko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mara mojamoja Julai theluji huanguka huko. Husimuliwa kwamba mwaka 1980 wageni kutoka Ireland waliokuwa wamefikia katika hoteli mojawapo ya mji huo waliguswa na baridi ile iliyowakumbusha kwao, wakamwomba mwenye hoteli awaandalie karamu ya Krismasi. Ikawa desturi. Siku hizi hoteli na migahawa ya eneo hilo huandaa karamu za namna hiyo kuanzia Juni hadi Agosti, msimu ambao bila hivyo ungekuwa na wageni wachache, nazo hoteli nyingine nchini Australia na Afrika Kusini zimeiga.

Inafaa kutazama ni nini hasa kinachofanyika katika karamu hizo. Kuna bata mzinga wa kuoka, divai nyekundu iliyochemshwa na viungo, mti uliopambwa, pengine na Baba Krismasi. Ibada ya usiku haimo katika ratiba, na 25 Desemba haifutwi, kwani watu wale wale wataadhimisha sikukuu yenyewe miezi mitano baadaye kwa kaptula na miwani ya jua. Kwa hiyo kinachoadhimishwa Julai ni baridi yenyewe. Naiona kuwa sherehe nyofu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa imetenganisha vitu viwili ambavyo kaskazini vimeshikamana kiasi kwamba watu hawajui kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi, yaani siku ya kidini na starehe ya majira.

New Zealand nayo ina Krismasi yake ya kati ya msimu wa baridi, ambayo mara nyingi huwa chakula cha jioni cha marafiki au wafanyakazi wenzao. Huko, hata hivyo, kuna mshindani mwenye mizizi mirefu zaidi. Wamaori huadhimisha Matariki, mwaka mpya unaoanza pale kundi la nyota za Kilimia linapoonekana tena alfajiri baada ya kupotea kwa wiki kadhaa. Ni wakati wa kuwakumbuka waliofariki katika mwaka uliopita, kula pamoja, na kuangalia mbele. Tarehe 24 Juni 2022 Matariki iliadhimishwa kwa mara ya kwanza kama sikukuu ya kitaifa yenye mapumziko, na tarehe yake hubadilika mwaka hadi mwaka kwa kufuata mwezi mwandamo. Haja ya kukusanyika wakati wa giza la Juni, ambayo wengine waliijaza kwa Krismasi ya kuazima, ilikuwa na jibu la wenyeji tangu zamani.

Jibu lililo la dharura kuliko yote linapatikana Antaktika. Huko Juni si baridi ya kukaribisha divai ya moto, kwani katika vituo vingi jua halichomozi kabisa kwa wiki au miezi, meli hazifiki kwa sababu bahari imeganda, na ndege hutua kwa nadra. Desemba, kwa upande wake, ni msimu wa kazi nyingi, jua haliachi kuwaka, na vituo hujaa watafiti wa muda wanaokimbizana na siku chache walizo nazo. Krismasi ya 25 Desemba huko haina budi kuwa sikukuu fupi. Sikukuu kubwa ya mwaka ni tarehe 21 Juni au karibu na hapo, siku ya katikati ya msimu wa baridi, ambapo waliobaki hujua kwamba kuanzia kesho jua limo njiani kurudi.

Desturi hiyo ni ya tangu enzi za wavumbuzi wa kwanza. Tarehe 22 Juni 1911, katika kibanda cha Cape Evans, kikosi cha mvumbuzi Mwingereza, Kapteni Robert Falcon Scott, kilikaa mezani chini ya bendera zilizotundikwa darini. Walianza na supu ya sili, wakafuatia na nyama ya ng'ombe ya kuoka, kisha pudini ya matunda iliyoletwa ikiwaka moto. Baada ya chakula, Luteni Henry Bowers aliingia na mti wa Krismasi alioutengeneza mwenyewe kwa fimbo na mianzi iliyopasuliwa, amefunga manyoya ya ndege kwenye ncha za matawi, na kuning'iniza mishumaa, peremende na vichezeo vya kitoto. Lawrence Oates, askari wa wapandafarasi aliyesifika kwa ukimya, alipata bunduki ya kuchezea, akaitumia kuwapiga wenzake usiku kucha. Siku tano baadaye Bowers na wenzake wawili walitoka gizani kwenda Cape Crozier kutafuta mayai ya pengwini, safari iliyokaribia kuwaua. Machi ya mwaka uliofuata Bowers na Oates walikuwa wamekufa, pamoja na Scott, wakitoka kwenye Ncha ya Kusini.

Leo vituo vya Uingereza huko vimeirithi sherehe hiyo karibu ilivyo. Kila mkazi hupewa kwa siri jina la mwenzake, na kwa wiki nyingi humtengenezea zawadi kwa mikono yake mwenyewe katika karakana ya kituo, kwa mabaki ya mbao, chuma na vitambaa, kwa kuwa hakuna duka. Mkuu wa kituo huwapikia wengine kifungua kinywa. Jioni wote huizunguka redio kusikiliza matangazo maalumu ya Idhaa ya Dunia ya BBC, yanayorushwa kwa ajili ya watu hao wachache tu, yakiwa na salamu za ndugu na jamaa zao. Ukiyaangalia haya yote, zawadi, karamu, sauti za nyumbani na nuru inayorudi, utaona kwamba Antaktika imeikaribia Krismasi ya Agostino kuliko hoteli yoyote, japo jina la Krismasi halitajwi.

Upande wa kaskazini mambo ni mengine kabisa, kwa sababu huko Julai ni joto na hakuna baridi ya kufidia. Chimbuko linalotajwa mara nyingi ni kambi ya wasichana iitwayo Keystone, katika mji wa Brevard, North Carolina. Mwaka 1933 kambi hiyo ilifanya tarehe 24 Julai kuwa mkesha na 25 Julai kuwa Krismasi, ikiwa na mti, zawadi, Baba Krismasi, na pamba iliyotandazwa iwe theluji. Ulikuwa mchezo, na furaha yake ilitokana na kutofaa kwake. Kihesabu, nusu ya mwaka kutoka Krismasi ni Juni, lakini Julai ndiyo kambi zilipokuwa zimejaa, na Julai ikashika. Jina lenyewe lilipata kuenea zaidi mwaka 1940 kupitia filamu yenye jina hilo ya mwongozaji wa Kimarekani Preston Sturges, ambayo haihusu sikukuu bali kijana anayeamini amejishindia dola 25,000 na kuanza kugawa zawadi mtaa mzima.

Mawazo mawili ya busara zaidi yalifuata wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kanisa la Calvary Baptist la Washington lilifanya ibada ya Krismasi Julai 1942, likarudia mwaka uliofuata, na lengo lilikuwa kukusanya zawadi mapema ili ziwahi kuzifikia misheni za mbali kabla ya Desemba. Mwaka 1944 idara ya posta ya Marekani, pamoja na jeshi la nchi kavu na la majini na watengenezaji wa kadi, waliandaa hafla ya mchana mjini New York kwa jina hilohilo, kuwahimiza wananchi wajiandae mapema. Hesabu yao ilikuwa rahisi: vifurushi vya Krismasi vya askari walioko ng'ambo vilipaswa kutumwa kati ya 15 Septemba na 15 Oktoba, na asiyeanza kufikiria zawadi Julai angechelewa.

Kutoka hapo hadi kwenye matangazo ya biashara palikuwa na hatua moja, na miaka ya 1950 maduka ya Marekani yakaipiga. Siku hizi vituo vya televisheni vya kuuza bidhaa, kama QVC, hutenga Julai kwa mapambo ya Krismasi, na chaneli ya Hallmark huonyesha filamu zake za theluji katikati ya kiangazi. Ni rahisi kuyabeza haya kuwa ni uroho, na kwa sehemu ni kweli, kwani Julai ni mwezi mkavu kwa wauzaji. Lakini kwa wanaoiandaa Krismasi, Julai imekuwa Krismasi siku zote. Mji wa Yiwu nchini China, unaotoa sehemu kubwa ya mapambo yauzwayo duniani, husafirisha shehena zake miezi ya katikati ya mwaka, kwa kuwa safari ya meli pekee huweza kuchukua mwezi au zaidi. Majarida ya kila mwezi hupanga matoleo ya Desemba mapema mno, hivyo kampuni za London huwaita waandishi Julai kuwaonyesha bidhaa za sikukuu. Hata wimbo mashuhuri wa Kimarekani unaoiomba theluji iendelee kuanguka uliandikwa Hollywood Julai 1945, watunzi wakiwa wanatokwa jasho.

Denmark ina sababu yake ya pekee. Tangu mwaka 1957, katika bustani ya burudani ya Bakken, kaskazini ya Copenhagen, akina Baba Krismasi kutoka nchi mbalimbali hukutana kila Julai kwa mkutano wao wa kimataifa. Hujadiliana, huandamana, na hushuka ufukweni wakiwa na kofia na ndevu zao, suruali wamezikunja, kuosha miguu baharini. Desemba, bila shaka, wasingepatikana.

Sherehe hizi zote zina jambo moja la kuzitofautisha na tukio linaloweza kuonekana kuwa la jamii hiyohiyo. Septemba 2024 Rais Nicolás Maduro wa Venezuela alitangaza kwamba Krismasi nchini mwake ingeanza 1 Oktoba, katikati ya mgogoro wa uchaguzi. Baraza la maaskofu wa Katoliki likamjibu kwamba Krismasi ni adhimisho la ulimwengu mzima na huanza 25 Desemba. Mwenye hoteli wa Katoomba hatoi amri ya namna hiyo, kwa kuwa hadai kwamba sikukuu yenyewe imehama. Mgeni wake akitaka kwenda kusali asubuhi ya 25 Julai, atamkuta padri akiadhimisha siku ya Mtume Yakobo kama kawaida, kisha atarudi hotelini kula pudini.